Nyasi bandia katika ua wa nyumba ya Dar es Salaam: uzoefu wangu

Ua wetu huko Mbezi ulikuwa na ukoka uliotaka maji karibu kila jioni wakati wa kiangazi, na mgao wa maji wa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua, ulituachia mabaka makavu yaliyogeuka vumbi. Ndipo tukaweka nyasi bandia zenye urefu wa milimita 35, mbele ya nyumba palipo wazi na kwenye baraza la nyuma lenye paa.

Kwa sura sina lawama. Chini ya nyuzi za kijani kuna nyuzi fupi za kahawia zilizojikunja, mfano wa majani makavu yanayobaki kwenye mashina ya ukoka hai, na hizo ndizo zinazomfanya mgeni ainame aguse kabla hajaamini. Hata hivyo, sura hiyo imo mikononi mwa fundi. Nyuzi hulalia upande mmoja, kwa hiyo kipande kimoja kikigeuzwa, ua huonekana wa rangi mbili ingawa zulia la nyasi ni lile lile. Fundi wetu alitaka kufanya hivyo ili mabaki yasipotee, tukamzuia.

Kazi yenyewe hasa iko chini ya zulia. Udongo wa juu huondolewa, hufuata kokoto na vumbi la mawe, vyote vikishindiliwa kwa mteremko kidogo, kisha kitambaa cha kuzuia magugu. Mbele ya nyumba fundi alifanya haraka, akamwaga mchanga mtupu, na masika ilipoingia mchanga ukahama, pakabonyea mahali ambapo maji hutuama mpaka leo. Barazani, juu ya sakafu ya saruji, hatujapata tatizo lolote.

Kasoro isiyo na dawa ni joto. Ukoka hai hujipoza kwa maji unayoyatoa kupitia majani, lakini plastiki hupokea jua na kulihifadhi, hivyo kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri watoto hawawezi kukanyaga peku. Kumwagia maji husaidia kwa muda mfupi tu, na inasikitisha kumwaga maji juu ya plastiki ilhali tuliiweka ili tuyaokoe. Nyasi hizi zilipata umaarufu mwaka 1966 huko Houston, Marekani, katika uwanja wa Astrodome wenye paa, baada ya paneli angavu za paa kupakwa rangi kwa sababu ya mng'ao uliowasumbua wachezaji na nyasi halisi kufa kwa kukosa mwanga. Zilianza kusifiwa kivulini, na kwa maoni yangu kivulini ndipo zinapofaa.

Jambo jingine linaloniuma ni vipande vya nyuzi ninavyovikuta kwenye mfereji baada ya mvua, vikielekea baharini. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni itakayosimamisha, kuanzia 2031, uuzaji wa chembe za mpira zinazojazwa kati ya nyuzi katika viwanja vya aina hii. Zetu zimejazwa mchanga wa silika, nami nasisitiza mnunuzi achague huo, ingawa hauzuii nyuzi zenyewe kukatika.

Za barazani zitabaki, maana zinafagilika kwa urahisi na watoto huzipenda. Za mbele tutaziondoa na kupanda ukoka wa Pemba mvua zikianza. Anayekusudia kununua kwa ajili ya eneo la wazi aombe kipande cha sampuli, akiache juani mpaka saa saba mchana, kisha akikanyage peku kabla ya kulipa.