KSPCA Karen (shirika la kutunza wanyama, Nairobi), walitusaidia kumpatia mbwa wetu nyumba nzuri
Tulikuwa tunahamia fleti na landilodi akakataa mbwa kabisa, na Simba wetu bado mdogo, hajafika hata miaka miwili, watoto wanampenda ajabu. Watu wakaniambia nimpost tu Facebook bure, mi nikakataa, mbwa wa bure anaweza kuishia kwa mtu wa kumfunga mnyororo mchana kutwa ama wa kumuuza tena. Nikaenda KSPCA pale Karen, Langata Road. Nilichopenda ni hawakuwa na haraka, wakauliza anakula nini, anaogopa nini, amezoea watoto na paka ama la, wakaangalia kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa na wakataka kujua kama amehasiwa. Anayemchukua pia anaulizwa, geti inafunga vizuri, mbwa atalala wapi, mchana nani yuko nyumbani.

Pigeni simu kwanza mjue kama kuna nafasi, na tafadhali msimuache mbwa getini usiku, hiyo ni kumtupa jamani. Bebeni na blanketi yake, harufu ya nyumbani inamtuliza sana. Sasa yuko na familia yenye kompaundi kubwa, wanatutumia picha WhatsApp. Nyota tano, na mkiweza wachangieni chakula cha mbwa.