Kozi ya modeli za maambukizi: nyota 4, ya tano nimeibania

Nilijiunga na hii kozi ya onlaini nikijua ni hesabu kavu tu, zile za Kermack na McKendrick za 1927 za kukadiria ugonjwa unavyoenea. Na kweli wiki ya kwanza ni hizo hizo, kila mtu anakutana na kila mtu kama vile tumetiwa sufuria moja tukakorogwa. Surua, mgonjwa mmoja anaambukiza 12 hadi 18 kama hakuna mwenye kinga, ukishika 15 unapata inabidi kama 93% wawe na kinga ili usienee, haya twende.

Utamu unaanzia wiki ya tatu aisee. Mwalimu anachora mtandao wa vidoti 11, kila kidoti ni mtu na mstari kati ya wawili maana yake wanajuana, kimoja katikati kimeungana na wale 10, na hao 10 wenyewe kwa wenyewe hawajuani. Anauliza una dozi moja ya chanjo na hujui nani ni nani, unampa nani? Ukiokota mtu yeyote una nafasi 1 kati ya 11 ya kumpata wa katikati. Ila ukiokota mtu ukamwambia nitajie rafiki yako, dozi ukampa aliyetajwa, nafasi inaruka mpaka 10 kati ya 11!! Na huyo akishachanjwa ugonjwa hauna pa kupita. Nilisimamisha video nikachora mwenyewe kwenye karatasi maana sikuamini. Kumbe ujanja huu watafiti Cohen, Havlin na ben-Avraham waliuandika 2003, na uzuri wake hauhitaji kuujua mtandao mzima. Siku hizi nikisikia "kwa wastani mtu anakutana na watu kadhaa" nacheka tu, pale wastani haufiki hata 2 na kuna mtu anao 10.

Sasa kero. Wiki ya tano wanakupa programu ya simulesheni, yaani ya kuigiza mlipuko kwenye kompyuta, nikairun, mgonjwa wa kwanza akapona kabla hajamuambukiza mtu, grafu imelala chali. Masaa mawili natafuta nimekosea wapi, nabadilisha hiki narudisha kile, kumbe sijakosea kitu, mlipuko unaweza kufa wenyewe kwa bahati tu, hasa mgonjwa akiwa mmoja. Hawajasema popote! Halafu mtandao wao umeganda, mistari ni ile ile mwanzo mwisho, wakati mtu akishikwa na homa analala ndani na nusu ya mistari yake inakatika.

Nyota ya tano nawapa siku wakiandika juu ya ile programu: irun mara 500 ndo uangalie grafu.