Michezo ya Chemshabongo na Majukwaa: Upi Uanze Kuununua

Anayetaka kununua mchezo wa video uliotengenezwa na kikundi kidogo cha watu, au hata na mtu mmoja, huelemewa na wingi wa michezo kabla hajafikiria bei. Maduka ya mtandaoni hupokea maelfu ya michezo mipya kila mwaka, picha za matangazo yake zinafanana, na sifa wanazozimwaga wauzaji ni zilezile. Katika mwongozo huu nimeipanga michezo sita ya kuruka majukwaa na ya chemshabongo kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe ningemshauri ndugu yangu ainunue, na nimeweka mbele kigezo kimoja ambacho nadra kutajwa: je, mchezo unamfundisha mchezaji kwa kumwonyesha jambo mbele ya macho yake, au unamtaka asome maelezo?

Kwetu kigezo hiki kina uzito wa pekee. Mchezo unaojieleza kwa aya ndefu za Kiingereza humwacha nje mtoto wa shule ya msingi, na humchosha hata mtu mzima anayekijua Kiingereza vizuri lakini ametoka kazini akitaka kupumzika. Mchezo uliobuniwa kwa ustadi humwekea mchezaji shimo dogo kabla ya shimo kubwa, humwachia akosee mahali ambapo kosa halimgharimu kitu, kisha humletea tatizo lilelile likiwa limegeuzwa kidogo. Baada ya kigezo hicho nimezingatia nguvu ya kompyuta inayohitajika, ukubwa wa faili kwa anayenunua bando kwa kubana matumizi, na bei. Bei nilizotaja ni zile kamili za kompyuta kwa dola za Marekani, na karibu zote hushuka sana nyakati za punguzo, kwa hiyo asiye na haraka asubiri.

Nafasi ya kwanza naipa Baba Is You, mchezo wa Arvi Teikari wa Finland ulioanza kama jaribio lililoshinda katika mashindano ya Nordic Game Jam ya mwaka 2017, ukatoka ukiwa kamili mwaka 2019. Unamwongoza kiumbe mweupe aitwaye Baba katika uwanja wa miraba, na sheria za uwanja huo zimeandikwa uwanjani humo humo kwa vipande vya maneno vinavyosukumika kama mawe. Pakiandikwa WALL IS STOP, ukuta unazuia. Ukilisukuma neno la mwisho nje ya mstari, ukuta unabaki kuwa picha tu na unapita katikati yake. Ukiunganisha maneno mengine ukaandika kwamba jiwe ndilo ushindi, basi kuligusa jiwe kunamaliza hatua. Na ukilivunja lile sharti linalosema kwamba Baba ndiye wewe, mchezo unasimama kwa kuwa hakuna tena mtu wa kumwongoza, nawe unabonyeza herufi Z kutangua tendo lako la mwisho, bila adhabu yoyote.

Msomaji makini atauliza inakuwaje mchezo wenye maneno ya Kiingereza uongoze orodha iliyopangwa kwa kigezo nilichokitaja. Jibu nililipata kwa mpwa wangu alipokuwa darasa la tatu. Alichukua daftari akaandika upande mmoja WALL, ROCK, FLAG, PUSH, STOP na WIN, na upande wa pili ukuta, jiwe, bendera, sukuma, zuia na ushindi, akaliweka kando ya kibodi, na baada ya siku mbili hakulihitaji tena. Maneno ya kuanzia ni machache, hayana sarufi ngumu, na kila moja huthibitisha maana yake palepale linaposukumwa. Mchezo una hatua zaidi ya 200, faili lake halizidi MB 200 au karibu na hapo, na unakwenda vizuri katika laptopu ya zamani isiyo na kadi ya picha. Bei yake ni dola 14.99. Upo pia kwa simu tangu mwaka 2021 kwa bei ya chini zaidi, ingawa katika skrini ndogo vidole hufunika maneno unayotaka kuyasoma. Kasoro yake ni kwamba hatua za katikati hupanda ugumu ghafla, na mtu anaweza kukaa siku tatu na fumbo moja. Anayechukia kukwama asiuanze.

Wa pili ni Celeste, wa mwaka 2018, uliotengenezwa na Maddy Thorson na Noel Berry pamoja na wenzao wachache, na muziki wake ukatungwa na Lena Raine. Kwa upande wa kuruka majukwaa sijaona mchezo uliosanifiwa kwa uangalifu zaidi ya huu. Msichana Madeline anapanda mlima, na uwezo wake ni mambo matatu tu: kuruka, kung'ang'ania ukuta, na kujirusha hewani mara moja kabla hajagusa ardhi. Nywele zake ni nyekundu akiwa bado na nafasi ya kujirusha, na hugeuka bluu akishaitumia, kwa hiyo mchezaji hana haja ya kutazama alama yoyote pembeni mwa skrini. Anamtazama Madeline na anajua. Kuna huruma nyingine iliyofichwa katika mchezo huu ambayo wengi huifaidi bila kuiona. Ukichelewa kidogo kubonyeza kitufe, ukawa umeshapita ukingo wa jukwaa kwa sehemu ndogo ya sekunde, mchezo bado unakubali kuruka kwako. Bila huruma hiyo mchezaji angelaumu kidole chake mara mia kwa siku.

Mchezo ni mgumu, na utakufa mara nyingi, lakini kila chumba ni kifupi na unarudi mwanzoni mwake papo hapo. Kwa wasioweza kasi hiyo, ama kwa umri, ama kwa ulemavu wa mikono, ama kwa kuwa ndiyo kwanza wameshika pedi ya kuchezea michezo, watengenezaji waliweka hali ya usaidizi inayoruhusu kupunguza kasi ya mchezo mzima, kuongeza idadi ya kujirusha, au kuzuia kifo kabisa. Nasisitiza kwamba kuitumia si aibu, na mzazi anayemnunulia mtoto aanzie hapo. Hadithi ina mazungumzo, na Kiswahili hakimo kati ya lugha zake. Asiyeelewa mazungumzo atapoteza kisa cha msichana anayepambana na wasiwasi wake mwenyewe, ila hatapotea njia. Bei ni dola 19.99, na faili lina zaidi kidogo ya GB 1. Anayesitasita aujaribu kwanza ule mchezo mdogo wa awali, ambao watengenezaji wawili waliuunda kwa siku nne tu kabla ya kuupanua, na ambao unachezwa bure katika kivinjari. Dakika 20 zake zitakuambia kama aina hii inakufaa.

Limbo, kazi ya studio ya Playdead ya Copenhagen nchini Denmark, iliyotoka mwaka 2010, ingeshika nafasi ya kwanza kama kigezo cha maneno kingekuwa peke yake, kwa maana hakuna mazungumzo wala maelezo yoyote ya maneno ndani yake. Mvulana anafumbua macho msituni, kila kitu kikiwa kivuli cheusi juu ya ukungu wa kijivu, na hakuna anayemwambia aende wapi. Mapema katika safari anakutana na buibui mkubwa kuliko mti, ambaye mguu wake humchoma kila anapokaribia. Mtego wa chuma unaning'inia juu mtini. Buibui anapopiga ardhi mtego unaanguka, na mchezaji anayekumbuka kwamba dakika chache zilizopita alijifunza kuburuta mitego ili asiikanyage, anaelewa mwenyewe kwamba huu anatakiwa kuusogeza chini ya mguu ule. Vitufe ni vya kwenda, kuruka na kushika tu. Bei yake ni dola 9.99 na faili ni dogo sana. Nimeuteremsha hadi nafasi ya tatu kwa sababu mbili: unamalizika kwa saa tatu au nne, na vifo vya mvulana yule vinaonyeshwa kwa namna ya kutisha ambayo sitaki mtoto mdogo aione.

Nafasi ya nne inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ni mchezo ambao moyo wangu ungeupandisha na akili inauzuia. Tales of Kenzera: ZAU ulitoka Aprili 2024 kutoka studio ya Surgent, iliyoanzishwa na mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, Abubakar Salim, na kuchapishwa chini ya mwamvuli wa kampuni kubwa ya michezo, EA, unaosaidia studio huru. Zau ni mganga kijana aliyefiwa na baba yake, naye anakwenda kwa Kalunga, mungu wa mauti, kumwomba amrudishie mzazi wake kwa masharti ya kumletea roho tatu kubwa. Salim mwenyewe alifiwa na baba, na huzuni hiyo ndiyo iliyozaa mchezo. Mandhari na visa vimechotwa katika mila za Wabantu, na mchezaji anaweza kuchagua sauti za wahusika ziwe kwa Kiswahili. Kwa mtu aliyekulia akicheza michezo ambayo lugha yake haikuwahi kutamkwa ndani yake, kumsikia Zau akimlilia baba yake kwa maneno yetu ni jambo zito, na ninaamini kila mwenye uwezo anapaswa kulisikia.

Pamoja na hayo, mwongozo wa kununua lazima useme wazi kinachonunuliwa. Kuruka kwake ni kwepesi na kwa raha, na kubadilisha kati ya kinyago cha jua na kinyago cha mwezi katikati ya pigano kunapendeza, ila mafumbo yake ni mepesi na hurudiarudia wazo moja. Isitoshe, unahitaji kompyuta yenye kadi ya picha nzuri, au mashine ya michezo, yaani PlayStation 5, Xbox ya kizazi kipya au Switch, na faili lake ni kubwa mara nyingi kuliko yote mengine niliyoyataja hapa. Bei ni dola 19.99. Mwenye mashine hiyo tayari auchukue hata kabla ya Celeste. Asiye nayo asinunue mashine kwa ajili yake.

Kwa mwenye fedha kidogo kabisa, VVVVVV wa Terry Cavanagh, wa mwaka 2010, unauzwa dola 4.99 na unakwenda katika kompyuta yoyote inayowaka. Nahodha wake hawezi kuruka kabisa. Anachoweza ni kugeuza mvutano wa ardhi, akaangukia dari. Kuna mahali ambapo kijiwe kinachofika kiunoni tu kinamzuia kupita, na ili afike upande wa pili lazima aanguke kwenda juu kupitia vyumba kadhaa vilivyojaa miiba, ageuke, na kuanguka tena hadi chini. Nimekaa hapo jioni nzima na sikujuta.

Wa sita ni Animal Well, ambao Billy Basso aliutengeneza peke yake kwa takriban miaka saba na kuutoa Mei 2024. Faili lake halifiki hata MB 40, jambo la kustaajabisha ukiona taa, maji na moshi vinavyocheza katika mapango yake. Hauna maelezo. Unaokota kijiti cha kupuliza mapovu, na siku nyingine unagundua kwamba povu linaweza kukanyagwa likakubeba. Nimeuweka mwisho kwa sababu bei yake ya dola 24.99 ndiyo ya juu kuliko yote hapa, na kwa sababu baada ya mwisho wa kwanza siri zake huwa za kina ambacho mtu mmoja, bila msaada wa wachezaji wengine, hawezi kukifikia kwa urahisi. Aliyemaliza Baba Is You na bado ana njaa, huu ndio chakula chake.

Mwenye simu peke yake aanze na Monument Valley wa studio ya ustwo ya London, wa mwaka 2014, wenye hatua kumi za majengo yanayozungushwa hadi njia isiyowezekana iwezekane. Ni mfupi na mzuri. Braid ya Jonathan Blow, iliyotoka mwaka 2008 na kuthibitisha kwamba mchezo wa watu wachache unaweza kuuzwa kwa heshima, sikuiweka katika sita hizi kwa kuwa nusu ya uzito wake umo katika maandishi ya Kiingereza ya kishairi.

Kuhusu mahali pa kununua, duka la mtandaoni la Steam hurudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa hujacheza saa mbili, na nashauri kila mnunuzi aitumie haki hiyo bila kuona haya, hasa kupima kama laptopu yake inaumudu mchezo. Baba Is You na Celeste zinapatikana pia katika duka la itch.io, na Limbo ipo katika duka la GOG, ambako faili unalipakua mara moja, ukalihifadhi katika diski yako, na siku ukibadilisha kompyuta hulazimiki kutumia bando tena. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya mtandaoni ya simu. Nchini Kenya ipo ile ya Visa ndani ya M-Pesa tangu mwaka 2022. Aweke humo kiasi cha ununuzi pamoja na nyongeza kidogo, kwa kuwa kiwango cha kubadilisha dola huwa juu kuliko kile kinachotangazwa, na malipo yakipungukiwa hata shilingi chache hukataliwa yote.