Maporomoko ya Sanje, Udzungwa: njia safi, ila kagua soli zako

Mimi nauza viatu vya mtumba Morogoro mjini, mwaka wa kumi na tatu huu, kwa hiyo mtanisamehe nikianza na miguu. Asubuhi ile pale Sanje tulikuwa sita: mimi, mdogo wangu anayesoma SUA aliyenishawishi kwenda, vijana watatu kutoka Dar tuliokutana nao getini tukachangia usafiri, na muongozaji. Vijana wawili walivaa raba za kukimbilia, wa tatu sendo za mikanda. Mdogo wangu alikuwa na raba yake ya kila siku, ile ya kwenda darasani. Muongozaji alivaa gambuti, kama mtu anayekwenda kupalilia mpunga. Mimi peke yangu ndiye niliyevaa buti halisi za mlimani: ngozi tupu, shingo ndefu, soli nene yenye meno, nimezichomoa kwenye belo langu mwenyewe na kukataa kuziuza kwa elfu sabini. Niliwaonea huruma wenzangu.

Kwanza habari za kufika. Kutoka Morogoro unapanda basi la Ifakara, unapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi (twiga wapo kando ya lami, bure kabisa), ukifika mji wa Mikumi basi linakata kushoto kwenda Kidatu, halafu mashamba ya miwa yanaanza na hayaishi. Safu ya Udzungwa inasimama kulia kwako kama ukuta, msitu umeanzia pale pale miwa inapoishia. Kitu kinachowachanganya wengi: Kijiji cha Sanje unakipita ukiwa kwenye basi, lakini usishuke. Nenda hadi Mang'ula, kama kilomita kumi mbele, ndiko makao makuu ya Hifadhi ya Udzungwa yaliko. Hapo unajiandikisha, unalipa, unapewa muongozaji, ndipo mnarudi Sanje. Noti hawapokei, unapewa namba ya malipo unalipia kwa simu au kadi, kwa hiyo weka salio mapema na simu iwe na chaji. Mtanzania analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni, tena kitambulisho cha NIDA kiwe mkononi siyo nyumbani.

Hifadhi hii, iliyotangazwa mwaka 1992, haina barabara za gari ndani ya msitu. Mikumi unaangalia wanyama umekaa, huku unatembea. Wenye haraka wanaishia Prince Bernhard, maporomoko madogo karibu na getini. Sisi tulitaka Sanje, ambako maji yanaanguka zaidi ya mita 170 kwa hatua tatu, na wanakuambia mzunguko wote ni kama saa nne kwa mtu wa kawaida.

Mtu wa kawaida ni nani, hapo ndipo penye mjadala. Nina miaka arobaini na sita na nakaa kwenye stuli siku nzima. Dakika ishirini za mwanzo nilidhani moyo utatokea mdomoni. Siyo kwamba njia ni mbaya, hapana, inaonekana vizuri na hakuna mahali pa kushika kamba wala kutambaa. Ni ule unyevu. Ukiingia chini ya miti upepo unakatika, blauzi inaganda mgongoni, na njia inapanda tu, inakata kona, inapanda tena, mizizi ndiyo ngazi zako. Mto unausikia upande wa pili wa korongo muda mrefu kabla ya kuuona. Muongozaji wetu alikuwa kijana wa hapo hapo, mpole, na alikuwa na mbinu moja nzuri: hakuniuliza hata mara moja kama nimechoka. Kila akiona napumua kama basi la zamani mlimani, yeye husimama na kusema, "Mama, tuangalie huu mti." Nimeangalia miti mingi siku ile.

Moja ya hizo pumzi ilitupa mbega wekundu, kundi zima juu kabisa, wenye kofia ya rangi ya kutu kichwani kama mtu aliyepaka hina nusu. Mmoja alikaa ameninginiza miguu, akatutazama kwa dharau, akajikuna tumbo. Mwenyewe niliyetaka kumwona ni yule nyani aliyepewa jina la kijiji, mangabe wa Sanje, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa kwenye safu hii. Muongozaji alitusimulia: mwaka 1979 watafiti wakiwa kwenye msitu huu huu wa Mwanihana walisikia mlio wasioujua, wakauliza, kumbe wenyeji wanamfahamu siku zote na jina lake wanalo. Hatukumwona. Tulisikia kitu kama mtu anayesukutua koo mbali sana, mdogo wangu akaapa ni yeye. Yule wa sendo akasema ni tumbo lake.

Yule wa sendo, nimtaje tu, alikutana na siafu kabla hatujafika mbali. Walikuwa wanakatiza njia, muongozaji ameshasema rukeni, yeye kasimama kupiga picha. Alicheza ngoma ambayo hata kwenye vigodoro sijaiona.

Sasa, pale juu. Niseme ukweli, nilitegemea maji tu. Maji yapo: yanashuka kwenye mwamba mweusi mrefu, yanapasuka, ukungu wake unakuja mpaka usoni, na chini yake kuna kidimbwi ambacho vijana waliogelea wakatoka midomo inatetemeka. Lakini ukifika pale ukingoni msitu unapofunguka, ndipo utakaposahau maji. Bonde lote la Kilombero liko chini yako. Miwa imekatwa vipande vipande kama kitenge, vingine kijani kibichi, vingine vimeshavunwa vimebaki hudhurungi, na shamba moja mbali lilikuwa linachomwa kabla ya kuvunwa, moshi umesimama wima maana upepo hakuna. Mabati ya nyumba za Sanje yanameta. Ukifuata miwa kwa macho inaisha, inaanza tambarare ya mto Kilombero, halafu ukungu wa joto, halafu huoni tena. Mimi bonde lile nimepita kwa basi zaidi ya mara kumi nikienda minada ya Ifakara, na dirishani ni miwa na vumbi tu. Nilikaa pale nusu saa sijafungua hata maji ya kunywa.

Niliposimama nikahisi mguu wa kulia unapwaya.

Wenzangu wa biashara watakuwa wameshanielewa. Zile soli za povu, zile laini za katikati zinazofanya buti liwe jepesi, zikikaa miaka bila kuvaliwa zinaoza kwa ndani kwa unyevu. Kwa nje buti linang'aa, limehifadhiwa vizuri na mzungu wake kabatini, limesafiri kwenye kontena, limekaa kwenye belo, halafu siku linapopata kazi linameguka kama kashata. Kisigino changu kilibaki kwenye jiwe. Nikainua mguu, soli ikabaki inaning'inia kwa mbele, inafungua na kufunga mdomo kama kambale. Vijana walijitahidi kutocheka. Mdogo wangu hakujitahidi.

Muongozaji akatoa mfukoni mpira wa tyubu ya baiskeli, akauchana kwa meno, akaizungushia soli mara tatu, kidoleni, katikati na kwenye kifundo, akafunga fundo ambalo hata fundi viatu wangu angeliheshimu. "Mama, sasa tunateremka taratibu." Na gambuti zake zile, hakuteleza hata mara moja.

Hapa ndipo nawaonya. Watu wote wanaulizia kupanda. Kupanda ni pumzi tu, ukipumzika inarudi. Kushuka ni magoti, vidole na majani makavu yanayoteleza juu ya udongo mbichi, na goti halirudi ukipumzika. Saa nne zao zikawa tano na nusu zangu. Kateni kijiti cha kutembelea (muongozaji atawachagulia kilichoanguka, msikate mti wa hifadhi), na kama mnaweza nendeni kati ya Juni na Oktoba. Masika sitaki hata kufikiria njia ile ikoje.

Malalamiko yangu ni moja na haliwahusu hifadhi. Nyumba ya wageni tuliyolala iliahidi kutufungia chakula cha njiani kwa elfu nane kwa kichwa. Tuliletewa saa tatu badala ya saa kumi na mbili na nusu: chapati mbili ngumu, yai moja, na ndizi iliyokomaa zaidi ya mimi. Saa mbili na nusu za ubaridi tulizipoteza tukiisubiri chapati. Nunueni vyenu jioni yake pale sokoni Mang'ula, maembe au machungwa, karanga, mkate, maji lita mbili kila mtu.

Njia: nyota tano. Muongozaji: tano, na tulimpa asante yake mkononi. Usafiri wa basi: tatu, kwa sababu ya redio. Buti: sitaki kuongelea.

Niliporudi dukani nilikunja na kubonyeza kwa dole gumba kila soli ya buti za mlimani zilizobaki kwenye belo lile, jozi kumi na moja. Nne zimemeguka mkononi. Na nimekumbuka kuna jozi moja ya kijivu, namba 43, niliiuza mwezi wa tano kwa kaka mmoja wa Kihonda aliyesema anakwenda nazo Kilimanjaro. Kaka, kama unasoma hapa na bado hujapanda, njoo nazo. Hela yako ipo.