Vipimo vya redio koli: kabla hujatoa hela, uliza habari ya saa ya ndani

Mwezi wa Mei, mvua zikinyesha na magari ya watalii yamelala gereji, kampuni moja ya safari hapa Arusha iliniletea redio koli 18 nizifanyie sevisi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimepokea sevisi monita ya mtumba, yaani mashine moja inayopima redio kwa kila upande, tangazo lake likisema "imepimwa, inafanya kazi". Siku tatu nilikaa nazo, nikazipanga masafa moja baada ya nyingine. Juni magari yakatoka. Siku ya pili dereva akanipigia kutoka Karatu: "Dada fundi, sisi kwa sisi tunasikiana vizuri kabisa, ila ripita haifunguki." Ripita ni ule mtambo wa mlimani unaopokea sauti ya gari na kuirusha tena ifike mbali.

Nilifungua mfuniko wa ile monita. Ndani ya mashine hizi kuna kikopo cha chuma chenye kristali, na humo humo kuna hita inayoiweka kristali kwenye joto lisilobadilika. Hiyo ndiyo saa ya mashine, na kila namba ya masafa unayoiona kwenye kioo imetoka kwake. Mashine ikishawaka nusu saa, ukikigusa kikopo hicho unatakiwa usikie uvuguvugu, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani. Changu kilikuwa cha baridi. Hita ilishakufa zamani, kristali ikaendelea kutetemeka nje ya joto lake, na masafa yakahama. Nilipoilinganisha na saa inayofuata setilaiti, kwenye megahezi 155 ilikuwa inadanganya kwa hezi 1,900 hivi.

Redio zote 18 zilikosea kwa kiasi kilekile na upande uleule, kurusha na kupokea, ndiyo maana zilielewana zenyewe. Ripita iliyoko mlimani ndiyo ilikuwa sahihi. Na kwenye chaneli ya kilohezi 12.5, hezi 1,900 ni nyingi mno: gari likiwa karibu sauti inakwaruza, likienda mbali haifunguki kabisa.

Kwa hiyo hapa sitaongelea ukubwa wa kioo wala wingi wa vitufe. Hayo kila muuzaji atakuambia bila kuulizwa. Mimi nazipanga mashine kwa jambo moja: saa yake ni nzima, na kama imechoka, unaweza kuilisha saa nyingine kutoka nje?

Hesabu yenyewe ni fupi. Sehemu moja kwa milioni kwenye megahezi 155 ni hezi 155. Redio nyingi za gari za analogi zimeruhusiwa kupotea hadi sehemu 2.5 kwa milioni, yaani kama hezi 388. Kifaa cha kupimia kinatakiwa kiwe bora mara kumi kuliko kinachopimwa, basi chako kisivuke hezi 40 hivi. Ukipanda UHF, kwenye megahezi 450, kosa lilelile la saa linakuwa karibu mara tatu.

Namba moja kwangu ni HP 8920, A au B, na sifichi kwamba naipendelea. Inafika megahezi 1,000. Ndani yake una jenereta ya kupimia usikivu, una SINAD (kipimo cha usafi wa sauti inayopokewa), una devieshoni (kiasi sauti inavyoyumbisha masafa), una kipima wati. Ila ninachoipendea hasa ni tundu la nyuma la kuingizia megahezi 10 kutoka nje. Unanunua GPSDO, kisanduku kidogo kinachorekebisha saa yake kwa setilaiti za GPS, unachomeka, na ugonjwa wa kikopo cha baridi unakuwa umekwisha. Sasa hivi yangu ndivyo inavyofanya kazi. Angalizo: redio unayoipima ichomeke kwenye tundu kubwa la RF tu. Lile la antena ni la mawimbi madogo, ukibonyeza PTT, kitufe cha kuongelea, hapo umeua mashine.

Namba mbili ni Marconi 2955 ya Uingereza. Nimeitumia karakana ya rafiki yangu, ni ngumu na inaeleweka haraka, lakini nyingi zimezeeka na kioo chake cha bomba, kama cha TV za zamani, kinafifia. Inunue kama umeiona inawaka kwa macho yako.

Wenye redio za DMR, yaani za dijitali, watahitaji mashine za kisasa kama 3920 ya VIAVI. Bei yake ni ya kampuni kubwa, siyo ya fundi mwenye meza moja.

Kipima wati ni Bird 43, na hapa sibishani na mtu. Haina betri, sindano inasukumwa na nguvu ya redio yenyewe. Kinachowaumiza watu ni elementi, kile kipande cha kuchomeka kinachochagua masafa na wati za kupima. Mtu ananunua mita, anapewa elementi ya H ambayo ni ya megahezi 2 hadi 30, halafu anapimia VHF, kama zile megahezi 155. Ya kwako ni C kwa megahezi 100 hadi 250, au E kwa 400 hadi 1,000. Tena usahihi wake ni asilimia 5 ya kipimo cha juu: ukiweka elementi ya wati 100 kupima redio ya mkononi ya wati 5, kosa linaloruhusiwa peke yake ni wati 5 nzima. Nunua ya wati 10 kwa za mkononi na ya 50 au 100 kwa za gari.

tinySA, kimashine cha mkononi kinachoonyesha mawimbi kwenye kioo, inafaa kuangalia uchafu wa mawimbi, mradi uweke ateniueta (kipunguza nguvu) ya desibeli 40 katikati. Kopi ni nyingi. Basi.

Sasa wauzaji. Yule aliyeniuzia nilimwandikia, akanijibu kwamba mashine ilipita jaribio lake yenyewe ilipowashwa, na picha alinitumia. Jaribio hilo linaiuliza mashine habari zake kwa kutumia saa ileile mbovu! Inawaka siyo inapima. Nililipa shilingi milioni tatu na laki nne, nikalipa usafiri wa mzigo mzito kutoka Ulaya, nikalipa ushuru, na hakuna aliyekuwa tayari kurudisha hata shilingi. Stika ya kalibresheni iliyobandikwa juu yake ilikuwa ya mwaka 2009.

Siku hizi sipokei picha. Namwambia muuzaji aiache iwake nusu saa, aingize megahezi 10 kutoka chanzo kingine kilicho sahihi kwenye tundu la kupimia, siyo lile la nyuma, anipigie video ya kaunta ya masafa ikisoma. Ikipotea zaidi ya hezi 2 au 3 nashusha bei kwa thamani ya GPSDO, na akikataa kupiga video naachana naye. Wiki iliyopita nimewauliza wanne. Mmoja tu ndiye aliyeituma.