Grometi za raba za kuunganishia vimpira kwenye PVC, miezi 8 baadae

Nafuga gapi, wale samaki wadogo wa mapambo, na nina vitangi 9 vya vifaranga kwenye shelfu moja. Vyote vinapata maji kutoka paipu moja ya PVC inayopita juu, kila kitangi na kimpira chake, vile vimpira vya hewa vya kawaida, 4 mm ndani 6 mm nje. Ukichora kwenye karatasi ni kazi ya nusu saa. Shughuli iko pale kimpira laini kinapokutana na paipu ngumu, na hapo nimelowesha sakafu mara mbili kabla sijanunua hizi grometi.

Mara ya kwanza nilitoboa tundu nikachomeka kimpira nikazungushia silikoni. Msijisumbue jamani. Silikoni kwenye kioo inashika kwelikweli ila kwenye PVC inakaa juujuu tu, ukigusa kimpira kidogo inabanduka nzima kama gamba. Gundi ya PVC nayo sio dawa, ile inayeyusha PVC mbili zikawa kitu kimoja, sasa nipeli (vile viungio vidogo vya kuchomekea kimpira) nyingi ni nailoni au polithini, gundi haina habari nazo.

Mara ya pili nikasema nifanye kifundi, nikachukua nipeli za tredi (meno ya kuskrubu) za robo inchi nikakata tredi kwenye paipu yenyewe. Kumbe nipeli ni BSP (tredi za Kiingereza) na chuma changu cha kukatia ni NPT (za Kimarekani), moja ina meno 19 kwa inchi nyingine 18, inaingia mzunguko mmoja na nusu unafurahi halafu inakaza, na mimi nikaongeza nguvu, paipu ikapasuka kwa urefu. Na hata kama zingeendana, ukuta wa paipu ya nusu inchi haufiki 3 mm, hapo tredi inashika mizunguko miwili tu, utafunga tepu nyeupe mpaka uchoke.

Ndio nikaja kwenye grometi. Ni kiduara cha raba chenye mfereji katikati, unakikalisha kwenye tundu, halafu nipeli ya plastiki inasukumwa ndani yake na kuitanua raba ibane pande zote. Pakiti yangu ilikuja na grometi 10 na nipeli 10 za elbo. Ukubwa wa tundu HAUJAANDIKWA popote, hii imeniudhi sana kwa sababu ndio kitu pekee mtu anachohitaji kujua. Nikapima kile kiuno cha ndani ya mfereji, 8 mm, nikatoboa 8 mm kwenye kipande kibovu kwanza, ikakaa sawa. Tundu likizidi hata nusu milimita inavuja, usibahatishe.

Kutoboa anza na biti ndogo kisha panda taratibu, drili spidi ya chini, PVC ikipata joto inayeyuka na tundu linakuwa yai. Mabaki yatoe yote, mimi niliacha unyuzi mmoja wa plastiki ndani na siku ya tatu ukaziba kimpira cha kitangi cha 6, nikakaa jioni nzima nalaumu pampu. Kuingiza nipeli lowesha na maji tu, usipake sabuni wala mafuta, yatafika kwa samaki. (Mimi nililamba.) Kimpira kikigoma kupanda kwenye meno ya nipeli kichovye ncha kwenye maji ya moto sekunde chache, kinapita chenyewe, kikipoa hukitoi bila kisu.

Sasa ubaya. Kwenye paipu ya nusu inchi mgongo umepinda sana, grometi haikai flati, mbili zilitoa jasho la maji mpaka nikabadilisha paipu kuwa inchi moja na hapo zikatulia kabisa. Pili hizi ni za presha ndogo. Kwangu maji yanashuka kutoka ndoo iliyo juu kama mita 1, hiyo ni kama bar 0.1 tu. Mtu wa kuunga moja kwa moja kwenye bomba la nyumbani atafute fitingi za kuskrubu.

Halafu kitu ambacho sio kosa la grometi ila kitakukuta, ncha za vimpira zikiwa zimezama kwenye maji, ndoo ikiisha maji zinaanza kunyonyana, kitangi cha juu kinajimwagia kwenye cha chini. Nilikuta gapi wawili wamehama ukoo. Nikazipandisha ncha zote sentimita 2 juu ya maji, ikaisha.

Miezi 8 raba bado laini, hakuna hata tone kwenye ile paipu ya inchi moja. Kilichochoka ni vimpira vya plastiki angavu, vimeanza kuwa vigumu na vya njano pale kwenye nipeli, nabadilisha kimoja kimoja naweka vya silikoni. Nyota 4, ya tano wakiandika vipimo kwenye pakiti nitairudisha.