Feni ya kompyuta kuukuu kama kifyonza moshi wa lehemu: uzoefu wangu

Feni hii niliitoa kwenye kompyuta ya mezani iliyokufa bodi. Ni ya milimita 120, volti 12, na kibandiko chake kinaonyesha inakula ampia 0.25. Siku hizi kazi yake ni kufyonza moshi ninapolehemu bodi za vifaa vya umeme, na kwa kweli meza yangu imekuwa mahali pa kukaa saa nyingi bila macho kuwasha.

Wengi hudhani ule moshi mweupe ni risasi iliyomo kwenye lehemu inayoungua. Sivyo. Risasi huchemka kwenye nyuzi 1,749 za Selsiasi, na ncha ya chuma cha kulehemu huwa kwenye 350 hivi. Moshi unatoka kwenye flaksi (kemikali ya kusafisha metali ili lehemu ishike), hasa ile ya utomvu wa msonobari, na fundi anayeuvuta miaka nenda rudi anaweza kupata pumu. (Risasi yenyewe hubaki vidoleni, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kula.)

Kuiunganisha ni rahisi: waya mwekundu na mweusi kwenye adapta ya volti 12, basi. Wa njano ni wa kuhesabu mizunguko, uache. Usijaribu kugeuza waya ukitarajia feni izunguke kinyume, kwani haina brashi na saketi yake ya ndani inakubali upande mmoja tu. Ukitaka hewa iende upande mwingine, geuza feni yenyewe. Kwa kawaida hewa hutokea upande wenye vile vikono vinavyoshikilia mota. Mbele nimeweka sponji ya kaboni, na pande zote mbili nimefunga wavu wa chuma, maana waya wa lehemu ukiingia kwenye mapanga yanayozunguka, yanaweza kuvunjika.

Kinachoamua kila kitu ni umbali. Nikiiweka sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye ncha, moshi unaanza kupanda, unapinda, kisha unalala na kuingia kwenye sponji kabla haujafika puani. Nikiisogeza hadi 30, moshi unapanda moja kwa moja kana kwamba feni haipo. Na iwe inavuta, isipulize: upepo ukielekezwa kwenye bodi unapoza kiungo, na lehemu haishiki vizuri.

Niliijaribu pia kwa volti 5 za yuesibii. Inakuwa kimya kabisa, ila mvuto wake ni dhaifu mno, sipendekezi. Kuna feni ambazo kwa volti hizo hata haziwaki. Kama yako inakwaruza, bandua kibandiko cha katikati uweke tone moja la mafuta ya mashine kwenye bushi (pete ambamo mhimili wa feni huzunguka). Yangu ilinyamaza hapo hapo.

Lakini sponji ya kaboni haimalizi moshi wote. Chembe ndogo na baadhi ya gesi hupita na kurudi chumbani, na kaboni nayo huchoka. Ndiyo maana nimeongeza bomba nyuma ya feni hadi dirishani. Liwe fupi, pana na lisilo na kona, kwa sababu feni za kompyuta hazina msukumo wa kupambana na bomba refu.

Kwa anayetengeneza bodi chache jioni, naipendekeza bila kusita. Anayelehemu kutwa nzima kwa riziki anunue kifyonza kamili chenye kichujio cha chembe ndogo, na hii aibakize ya kupozea transista anapojaribu vikuza sauti.